Aliyejibu Jumamosi

Orodha ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa kidato cha pili asubuhi, saa ambayo akina mama wako kwenye kituo cha maziwa, kila mmoja na ndoo yake na maneno yake. Simu zikalia kwa mkupuo. Wenye simu za kupangusa wakapangusa, wasio nazo wakachungulia kwa jirani. Majina ya watoto yalikuwa ya rangi mbili. Ya kijani yalikuwa ya wale watakaoingia darasa la sayansi mwakani. Mekundu yalikuwa ya waliokosa. Jina la Elisifa Aminieli lilikuwa jekundu, na mbele yake yaliandikwa maneno ambayo hayakuwa mbele ya jina jingine lolote: Udanganyifu, mzazi afike shuleni.

Kituo kikanyamaza. Anayevijua vijiji vyetu vya mlimani anajua kwamba kituo cha maziwa hakinyamazi. Pale hata msiba husimuliwa kwa kupokezana. Hilda, mama yake Elisifa, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi, na ndiye aliyeshika kipimo. Aliisoma orodha, akairudisha simu kifuani, akaendelea kupima maziwa ya aliyekuwa mbele yake. Yakamwagika kidogo.

"Mama Elisifa, si ndiye yule mwenye akili?" mmoja akauliza kwa upole, na upole huo uliuma kuliko tusi.

Mwingine akasema watoto wa siku hizi hawaaminiki, ni hivyo vidude wanavyopewa. Wa tatu akasema tumshukuru Mungu hakupata mimba. Wakamfariji hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka ndoo zikaisha. Hilda akaitikia kila neno. Hakuna aliyemuuliza kwa nini maziwa yamemwagika, kwa kuwa walidhani wanajua.

Hawakujua. Elisifa hakudanganya kitu. Aliyefanya yale ambayo shule iliyaita udanganyifu alikuwa amesimama pale, ameshika kipimo cha maziwa.

*

Vishikwambi vililetwa mwezi wa pili na mradi fulani, pamoja na wageni waliopiga picha na kila mtu mpaka mlinzi. Siku hiyo wazazi walikalishwa kwenye madawati wakaelezwa. Mwanafunzi atakwenda na kishikwambi nyumbani kila Ijumaa na kukirudisha Jumatatu. Kikifika shuleni kitapeleka habari zake zote kwenye kompyuta ya mwalimu wa hisabati, Mwalimu Filbert: swali gani, siku gani, jibu gani. Kisha mtaalamu wa mradi akasema jambo ambalo wazazi wengi walilisahau kabla ya soda kuisha. Alisema kifaa hiki kinamfuata mtoto. Akijua, kinampandisha. Asipojua, kinamshusha darasa baada ya darasa, mpaka kifike mahali anapopaelewa, halafu kinaanza kumpandisha naye taratibu.

Hilda hakulisahau.

Jumamosi nyumbani kwao huwa kimya. Elisifa anakwenda usharikani kwenye mafundisho ya kipaimara, na hurudi alasiri. Mume, Aminieli, ni mgumu, ndivyo wanavyoitwa wale wanaobeba mizigo ya watalii, na mara nyingi yuko mlimani. Mama mkwe, Bibi Eliaichi, huota jua barazani mpaka kichwa kimwinamie. Basi Jumamosi moja Hilda alifuta mikono kwenye kanga, akakiwasha kishikwambi. Sauti ya mwanamke ikasema, "Karibu, Elisifa."

"Asante," Hilda akajibu, kisha akacheka peke yake.

Maswali yalikuja kwa Kiingereza. Akabonyeza popote. Yakaja mengine mepesi kidogo, naye akabonyeza tena. Kikamshusha, kikamshusha, mpaka Kiingereza kikaisha na sauti ile ile ikaanza kusema Kiswahili, na kwenye kioo pakatokea mkungu wa ndizi. Una ndizi nane, umempa jirani robo, umebakiwa na ngapi? Hilda akavuta kigoda. Hapo palikuwa darasa la nne, pale pale alipoachia yeye, mwaka ule mama yake alipojifungua mapacha na ikabidi mtu mmoja abaki nyumbani kubeba pacha wa pili. Hakuna mwalimu aliyewahi kushuka ngazi zote hizo kumfuata Hilda. Alilia kidogo, kisha akajibu: sita. Sauti ikampongeza kwa jina la binti yake.

Sasa, kijiji kizima kilijua kwamba Hilda alifika kidato cha pili. Ukoo wa Aminieli ulipokwenda Sanya Juu kumposa, mkara wao, yaani mshenga, alirudi na sifa za binti, na mkara yule alikuwa na mdomo mtamu kupita kiasi. Alilisema mbele ya wazee wa pande zote mbili: binti huyu amefika kidato cha pili. Hilda alikuwa jikoni akimenya ndizi, akasikia. Lakini ni mwali gani atakayetoka jikoni na kisu mkononi kumsahihisha mkara? Akanyamaza, na kimya hicho akaolewa nacho. Bibi Eliaichi akalibeba neno lile kanisani na misibani, mkwe wangu ni wa sekondari. Kwa neno hilo Hilda akachaguliwa mzee wa kanisa, kisha mwenyekiti wa maziwa. Na kila Krismasi, shemeji zake waliporudi kutoka Dar na wake zao, na wake hao wakaanza kuzungumzia masomo ya watoto wao, mtu angesema muulizeni Hilda, ndiye msomi wetu wa huku, na Hilda angekumbuka kwamba kuna chungu jikoni.

Ndiyo sababu alirudi kwenye kishikwambi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Hakufikiri kwamba kila alipokosea, aliyeandikiwa kosa ni mtoto. Kama angefikiri, angeacha. Nadhani angeacha.

*

Elisifa alirudi mapema siku ile ya orodha, macho yamevimba. Alishapimwa. Walimu walimweka ofisini peke yake, wanne wamesimama, wakampa kishikwambi chake wakamwambia ajibu. Kilipofunguka, hakikumletea hesabu za kidato cha pili. Kilimletea mkungu wa ndizi.

Siku za Jumapili alikuwa ameshaona maswali mepesi ya namna hiyo akifanya kazi zake na rafiki yake Kindness, ambaye ni Mkatoliki wa nyumba ya jirani, akadhani wote wamepewa marudio. Pale ofisini ndipo alipoelewa. Angeweza kuyajibu amefumba macho. Badala yake alianza kulia, na machozi yakadondoka kwenye kioo, na kioo kikachukua kila tone kuwa ni kidole. Yote yakahesabiwa amekosa.

Mwalimu Filbert akamsomea ushahidi. Darasani, ukiwa umekaa na Kindness, unapata. Jumapili, ukiwa na Kindness, kama mwenyewe alivyotueleza, unapata. Jumamosi, ukiwa peke yako, unakosa maswali ya watoto wa shule ya msingi. Nani anayekujibia? Kijana huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoka Tabora mwaka uliopita, aliipenda kazi yake, na aliiamini kompyuta kama wazee wanavyoiamini mvua ya masika. Elisifa hakumjibu. Shuleni, mtoto asiyejibu ameshakiri.

Nyumbani Bibi Eliaichi alimpokea mlangoni kwa maneno. Alisema katika ukoo huu hajawahi kuonekana mwizi, si wa kuku wala wa hesabu. Alisema na mama yako msomi namna hii, ulishindwa nini kumuuliza? Hilda alikuwa nyuma yake ameshika mwiko, akalisikia lote. Elisifa alimtazama mama yake mara moja tu, akainama kuvua viatu.

Jikoni wakabaki wawili. Mtoto akachutama kusugua sufuria ambalo lilikuwa safi.

"Elisifa."

"Abee, mama."

"Walikuuliza Jumamosi unakuwa wapi?"

"Waliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Sikusema." Akamwaga maji, akachota mengine. "Mama, mtori unaungua."

Mtori haukuwa unaungua. Hilda akaukoroga hata hivyo. Alijua wakati huo kwamba binti yake anajua, na kwamba ameamua kulibeba. Akaona aibu ambayo hakuwahi kuionja, hata jikoni kwao Sanya Juu.

Alijua pia kinachopotea. Bibi Eliaichi alipoteguka mkono mwaka juzi, Elisifa ndiye aliyempeleka hospitali mjini Moshi. Huko aliiona picha ya mifupa ikitokea kwenye kioo, akamganda fundi wa mashine ile kwa maswali mpaka akafukuzwa. Tangu siku hiyo hana wimbo mwingine. Anataka kuwa yeye anayeziendesha mashine zile na kuzitengeneza zikiharibika. Bila fizikia hakuna mashine, na wenye rangi nyekundu hawaingii fizikia. Hata mtoto wa chekechea pale kijijini angekueleza hivyo.

*

Aminieli alishuka mlimani siku ya pili. Habari alikuwa ameshapewa barabarani, mbele ya wagumu wenzake, na baba yake Kindness, aliyemwambia amfundishe binti yake kula jasho lake. Aminieli si mtu wa kupiga wala wa kufoka. Aliweka begi chini, akanywa chai yote, kisha akachukua panga akatoka.

Hilda alimfuata kwa macho. Mumewe alikwenda hadi kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, kupita migomba na mibuni, mpaka pale masale yalipopandwa na babu zake. Alikata jani moja refu, akalifunga fundo katikati.

Huku kwetu hakuna asiyeelewa maana yake. Ukimkosea mtu, hata kama umemuua ndugu yake, ukimpelekea isale, jani hilo, likiwa na fundo, amelazimika kukusamehe. Hawezi kulikataa, na akishalipokea, neno limezikwa, hakuna ruhusa ya kulifukua. Lakini anayelipeleka amekiri. Isale halibebwi na asiye na kosa.

"Kesho nakwenda nalo kwa Mkuu wa Shule," Aminieli akasema. "Yule mama ni wa Kibosho, hapa hapa mlimani, analijua. Hatamfukuza mtoto."

"Na sayansi?" Hilda akauliza.

"Sayansi gani tena, Mama Elisifa? Atakaa na wenzake wa historia. Isale ni la kuomba radhi, haliombi zawadi."

Elisifa alikuwa mlangoni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akasimama kidogo, kisha akapita kwenda bandani.

Sitamsingizia Hilda mema asiyokuwa nayo. Jioni ile moyo wake ulitulia. Jani likishapokelewa, hakuna atakayeuliza tena habari za Jumamosi. Mtoto atabaki shuleni, mume atarudi mlimani, mama mkwe ataendelea kuimba wimbo wake, na shemeji za Dar watakuja Krismasi wamkute msomi wao mahali pake. Alipika kiburu kizuri cha ndizi na maharage, na wote wakala isipokuwa mmoja.

Baada ya chakula akaenda bandani kutazama ng'ombe. Alimkuta Elisifa ameegemea boriti, anawalisha huku akisema kitu kwa sauti ya chini. Hilda alidhani anasali. Aliposogea akasikia ni kanuni za fizikia, anazirudia moja moja kwa Kiingereza, kama mtu anayewaaga wageni mlangoni.

Hapo utulivu wote ukamtoka.

*

Walikwenda shuleni wanne, kwa kuwa Bibi Eliaichi alikataa kubaki. Mkuu wa Shule, Mwalimu Gladys, alisimama kumwamkia, shikamoo bibi, akamtolea kiti chenye mto. Mwalimu Filbert alikuwa pembeni na kompyuta yake wazi. Kishikwambi cha Elisifa kilikuwa juu ya meza, kimezimwa.

Mkuu alieleza kwa ufupi na bila ukali. Alisema yeye binafsi amehuzunika, mtoto huyu alikuwa tegemeo. Nafasi za maabara ni chache, na mradi unapokea majina yaliyo safi tu. Akasema orodha inafungwa leo. Kisha akaona kilichokuwa mkononi mwa Aminieli, akaweka kalamu chini. Mwalimu Filbert hakuelewa kwa nini chumba kimebadilika kwa ajili ya jani.

Aminieli akasimama, akavua kofia.

"Mkuu, mimi sina maneno mengi. Mtoto ni wangu, na kosa lake ni langu."

Akanyoosha mkono kuliweka jani mezani. Hilda akaushika mkono ule kwa juu, kwenye kiwiko, mbele ya mama mkwe na walimu, jambo ambalo mke wa huku halifanyi.

"Usiliweke," akasema. "Aliyekosa si Elisifa. Ni mimi."

Akaeleza amesimama. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, akitaja ndizi kabla ya kutaja kishikwambi. Elisifa alikuwa akitikisa kichwa, mama acha, mama acha, bila sauti. Aminieli alibaki na mkono hewani. Hilda alipomaliza, Mwalimu Filbert alitabasamu kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyokuwa ngumu kuivumilia.

"Mama, nakuelewa," akasema. "Hata mama yangu angesema hivyo kuniokoa. Lakini wewe ni mwenyekiti wa kikundi, mzee wa kanisa, nasikia umefika sekondari. Aliyejibu Jumamosi ni mtu asiyejua hesabu za darasa la tano."

"Basi nipe nikuoneshe."

Akapewa. Akakiwasha mwenyewe, akapita kwenye vibonyezo bila kuuliza, na sauti ikasema karibu, Elisifa. Safari hii hakuitikia. Mkungu wa ndizi ukatokea, kumi na mbili, theluthi yake ni ngapi. Akabonyeza nne. Hongera. Likaja lingine, akapata. Likaja la tatu, la robo tatu ya ndoo ya maziwa, akalipata kabla sauti haijamaliza kusoma. Kwa muda alisahau alipo. Uso wake ukawa na furaha ya mtu anayejua anachofanya.

Mwalimu Filbert alifunga mikono kifuani. "Unaona? Hayo yote yalikosewa mwezi wa sita. Wewe unayapata. Kwa hiyo si wewe."

"Mwezi wa sita nilikuwa siyajui," Hilda akasema.

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na hayakumsaidia. Mkuu akatazama saa ya ukutani. Aminieli akalitazama jani. Bibi Eliaichi akakohoa, akasema mwacheni mkwe wangu, ni uchungu wa mzazi tu, msomi hawezi kushindwa na hesabu za watoto. Na hapo Hilda angeweza kuketi. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, umefunguliwa na mama mkwe mwenyewe.

Hakuketi. Akabonyeza swali lililofuata. Lilikuwa nusu jumlisha theluthi.

Alilifanya kwa uangalifu kuliko yote yaliyotangulia, midomo ikicheza. Alitaka kulipata, mbele ya watu wale wote alitaka mno kulipata. Akaandika mbili juu ya tano, akarudisha kichwa nyuma kungoja hongera.

"Jaribu tena," sauti ikasema.

"Hapa ndipo kinaponionea," Hilda akalalamika. "Kila Jumamosi kinanionea hapa hapa. Moja na moja si mbili? Mbili na tatu si tano? Nimejumlisha juu, nimejumlisha chini, bado kinakataa."

Mwalimu Filbert akafungua mikono. Akainamia kompyuta yake, akashusha ukurasa, akashusha tena. Zilikuwepo Jumamosi zote, na katika kila moja mbili juu ya tano ilikuwepo, imerudiwa na kurudiwa, pamoja na ndugu zake. Yeye mwenyewe aliwaonesha walimu wenzake makosa hayo, akawaambia huu ni ukaidi, hakuna mtoto wa kidato cha pili anayejumlisha asili na asili, zile namba za chini.

"Mama," akasema polepole, "theluthi na robo?"

"Mbili juu ya saba," Hilda akajibu mara moja, kwa hakika yote ya moyo wake.

Mwalimu akaifunga kompyuta. Hakutazama mtu.

Kisha Bibi Eliaichi akamgeukia mkwe wake.

"Hilda. Huko kidato cha pili hawakuwafundisha hayo?"

"Sikufika kidato cha pili, mama. Sikufika hata darasa la tano, nilibaki nyumbani kubeba mapacha. Mkara aliwaambia, nami nikanyamaza."

Aminieli alikaa chini kama aliyetua mzigo vibaya. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu akijua hatua zake gizani, na hili hakulijua. Mkuu wa Shule, ambaye alikuwa na haki ya kukasirika, aliona afadhali aongee na mtoto.

"Elisifa, ungetuambia tu kwamba Jumamosi unakuwa kipaimara. Mchungaji angethibitisha. Ungekuwa umemaliza."

"Halafu mngeniuliza nani alibaki nyumbani," Elisifa akasema.

Hilda akalitoa jani mkononi mwa mumewe, ambaye hakulizuia. Akageuka, akapiga hatua mpaka kwa binti yake, akalishika kwa mikono miwili, akamwinamia.

"Mzazi hampi mtoto isale," Bibi Eliaichi akasema kwa Kichagga, kisha akalirudia kwa Kiswahili, asije mtu akasema hakusikia.

Hilda hakuinuka. Elisifa alilitazama lile fundo. Alikuwa na hasira, tena nyingi, zilizolala naye usiku mbili, na si kweli kwamba ziliyeyuka. Lakini isale halikataliwi. Akapiga goti, akalipokea kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka bila uso wake kulegea.

*

Elisifa alipewa mtihani mchana ule ule, wa karatasi, peke yake. Alipata yote isipokuwa moja. Jioni orodha mpya ikatumwa kwenye kundi, jina lake la kijani, bila neno moja la kuomba radhi, na wazazi wakaweka alama za dole gumba. Jina la Kindness likabaki kijani. Baba yake hakupita tena kwa Aminieli kufuta aliyosema barabarani. Shule ikatoa amri kwamba vishikwambi havitatoka tena siku za mwisho wa wiki.

Hilda alikwenda kituo cha maziwa asubuhi iliyofuata, na habari ilikuwa imefika kabla yake. Aliweka kipimo mezani, akarudi nyuma hatua moja, anayekitaka akichukue. Hakuna aliyekichukua. Hakuna pia aliyemwambia akishike. Baadaye ndoo zilikuwa nyingi na jua linapanda, akakishika.

Aminieli alirudi mlimani akiwa bado anaongea kidogo. Wakati wa kuaga alimuuliza mkewe jambo moja tu, wale mapacha walikuwa wakubwa kiasi gani alipoacha shule. Hilda akamwonesha kwa mikono. Aminieli akatikisa kichwa, akabeba begi lake. Bibi Eliaichi yeye hakumsemesha mkwe wake hata neno. Chakula alipokea, bakuli alirudisha, na wimbo wa sekondari ukakoma pale barazani.

Ikafika Jumamosi. Elisifa akaenda kipaimara. Hilda alifua, akafagia, akalisha ng'ombe, akafagia tena. Hapakuwa na sauti ya kumkaribisha. Mwishowe alichukua kipande cha mkaa, akachutama jikoni, akaandika kwenye sakafu ya saruji nusu jumlisha theluthi, na pembeni mbili juu ya tano. Akaifuta kwa kiganja. Akaandika upya. Ikatoka ile ile.

Hakusikia mlango. Elisifa alikuwa amesimama nyuma yake na kitabu cha nyimbo kwapani, na hakuna aliyejua amesimama muda gani. Tangu siku ile ofisini walikuwa wakizungumza kwa salamu na kazi tu, maji yapo, kuni zimekwisha. Jani lile la isale lilikuwa limekaukia juu ya kabati, alikoliweka yeye mwenyewe.

"Si hivyo, mama," akasema.

"Najua si hivyo. Ila sijui ni vipi."

Elisifa aliweka kitabu chini. Akatazama mkaa, akatazama viganja vya mama yake vilivyokuwa vyeusi, akakunja sketi, akachutama. Hilda akasogea kumpisha nafasi. Mtoto akachora ndizi mbili zilizo sawa, moja akaikata vipande viwili, nyingine vipande vitatu.

"Kipande hiki na hiki vinalingana?"

"Havilingani."

"Sasa utavihesabuje pamoja?"

Hilda akapima kipande kimoja kwa kidole, akapima kingine. Maisha yake yote alikuwa amegawa ndizi, na hakuwahi kuulizwa swali hilo. Alikuwa bado hajajibu waliposikia kigoda kikiburutwa barazani, kikapanda kizingiti, kikatulia mlangoni mwa jiko. Bibi Eliaichi akakikalia, akajifunga kanga yake vizuri, macho kwenye zile ndizi za mkaa.

"Sema kwa sauti, mjukuu wangu," akasema. "Wengine hatukufika hata hilo la nne."